Fahamu: Filamu za polisi wawili zinamwakilisha nani?

Ni filamu gani hizi?
Ni filamu za mapigano ambamo polisi wawili wasiopatana hulazimika kushika kesi moja. Lethal Weapon (1987) ilimweka Danny Glover, Mmarekani mweusi, bega kwa bega na Mel Gibson. Bad Boys (1995) ikawapa Will Smith na Martin Lawrence nafasi zote mbili. Rush Hour (1998) ikamleta Jackie Chan wa Hong Kong.

Ubishi uko wapi?
Watetezi husema zilimpa mtu mweusi nafasi ya shujaa. Wakosoaji hujibu kuwa polisi anayevunja sheria hupigiwa makofi, na wanawake huachwa pembeni. Hoja ya wakosoaji ina uzito. Utani wa filamu hizi hufunika mengi.

Na Simiyu?
Kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, vya Tanzania, filamu za nje zimesimuliwa upya kwa Kiswahili na watafsiri kama Lufufu, wakiongeza mizaha yao. Lakini Usukumani, ulipo mkoa wa Simiyu, ulinzi una sura nyingine: sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini walioibuka miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Hao hutoka kwa kundi na kuamua mkutanoni, si wawili wawili.