Alama ya Kuvunjwa: Peroksisomu na Istilahi Zake Fizi na Baraka

Katika Baraka, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, na Fizi iliyoko milimani, mwanafunzi huzungumza Kibembe na Kiswahili, lakini sayansi huisoma kwa Kifaransa. Makala haya yanaonesha kuwa jambo gumu la seli laweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa.

Ndagala na mawese yakishaliwa, sehemu kubwa ya asidi za mafuta huvunjwa katika mitokondria. Zile ndefu mno, zenye kaboni 22 na zaidi, hufupishwa kwanza katika vijifuko viitwavyo peroksisomu. Kazi hiyo huzalisha haidrojeni peroksidi, ambayo kimeng'enya cha katalasi huigeuza kuwa maji na oksijeni. Peroksisomu iliyochakaa yaweza kuidhuru seli. Hivyo haina budi kuondolewa.

Uondoaji huanza kwa alama. Protini ndogo iitwayo yubikwitini hubandikwa na PEX2 juu ya protini za utando, hususan PEX5. Kisha NBR1 hushika alama hiyo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hushika LC3 iliyo katika utando unaojikunja kuwa mfuko. Mfuko huo huungana na lisosomu, ambamo vimeng'enya huvunja kilichomo, na malighafi yake hutumika upya. Kimeng'enya USP30, kwa upande wake, hubandua alama ili kisivunjwe kilicho kizima.

Mtumbwi uliooza huvunjwa na mbao zake zikafaa tena. Hasara ni kuvunja ule ungali ukielea. Ndivyo itokeavyo PEX1 inapokuwa na kasoro: PEX5 yenye alama haiondolewi utandoni, na peroksisomu zinazofaa huvunjwa pia. Kasoro za PEX1 ndicho chanzo kikuu cha maradhi ya jamii ya Zellweger. Watoto wenye aina kali kwa kawaida hufariki kabla ya kutimiza mwaka 1.

Mbelgiji Christian de Duve, aliyebuni neno otofajia mwaka 1963, aliunga mizizi ya Kigiriki yenye maana ya kujila. Kwa Kiswahili, "peroksisomu" lafaa kukopwa, kwani ni jina la kitu. Bali tendo lafaa kuitwa "uvunjaji teule wa peroksisomu". Neno "uharibifu" lingepotosha: seli haiharibu, huchagua na kuokoa malighafi.