Memori Mpya, Kompyuta Kimya: Ukweli Kuhusu Mchango Wetu

Mwezi huu tumeona tuandike juu ya ile kompyuta ya chumba cha vijana, kwa sababu habari zake zinasemwa zaidi kwenye foleni ya maji kuliko ndani ya chumba chenyewe.

Kama mjuavyo, mashine ile ni ya zamani. Ilikuja na vipande viwili vya memori vya gigabaiti 1 kila kimoja, na kufungua barua moja ilikuwa kama kungoja maharage yaive. Humo walimu tunachapa mitihani, vijana waliomaliza sekondari wanaandika wasifu wao, na mama zetu wanakuja kuandikiwa barua. Basi mkachanga, mwenye mia tano alitoa, asiye na pesa alileta kikombe cha unga tukakiuza. Kijana mmoja wa kikundi akapata kibali, akaenda mjini, akarudi na kipande kimoja cha gigabaiti 4. Tukakipachika. Feni inazunguka, skrini nyeusi, mashine inalia tu pii, pii, pii.

Kesho yake habari ilikuwa imefika zoni ya mwisho. Eti kijana alinunua kibovu akala chenji. Wengine eti alipewa kizima akakibadilisha njiani. Mama yake akaacha kuja kwenye kikundi cha kushona. Hapo ndipo tuliposema hapana, jambo hili lipimwe kwanza, tena mbele ya wazee wawili wa zoni na yeyote anayetaka kuangalia. Walikuja watu kumi na kitu, na watoto dirishani hatukuwahesabu.

Tulianza na mambo madogo, maana kompyuta nyingi zinazogoma baada ya kuongezewa memori hugoma kwa sababu ndogo. Tulichomoa waya wa umeme kabisa, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, tukagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usirukie kwenye chipu. Umeme huo hata huusikii, lakini chipu unaweza kuiua. Kisha tukachomoa kipande. Meno yake ya rangi ya dhahabu tukayasugua polepole kwa raba ya penseli, tukafuta mabaki kwa kitambaa kikavu. Lile tundu refu tulilisafisha kwa brashi laini. Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kupuliza kwa mdomo hatushauri, mate yanaingia.

Kurudisha kipande nako kuna namna yake. Unasukuma kwa vidole gumba viwili, pande zote sawa, mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe na kulia ta! Kikikaa nusu, mashine inalia vile vile kama haina memori. Basi kilikaa vizuri, vibanio vikafunga. Ikalia.

Mzee mmoja akauliza, je, si aina nyingine hiyo? Swali zuri sana. Memori zina vizazi. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina urefu mmoja na pini 240 sawasawa, ukizitazama haraka utasema ni mapacha. Lakini ule mkato mdogo wa chini uko mahali tofauti, na umeme wake si mmoja: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5. Mkato ukikataa, usilazimishe, utavunja tundu. Cha kwetu kiliandikwa DDR3, na ubao mkuu wa mashine unataka DDR3. Kwa hiyo kijana hakukosea aina.

Tukarudisha kipande cha zamani kimoja peke yake, tundu la kwanza. Ikawaka. Tukakihamishia tundu la pili. Ikawaka. Maana yake matundu yote mawili ni mazima. Kipya peke yake tundu la kwanza: pii. La pili: pii. Hapo chumba kizima kikageuka kumtazama yule kijana. Tunakiri ilikuwa dakika mbaya.

Lakini kazi haikuwa imeisha. Kipande kinachogoma kwenye mashine moja hakijathibitishwa kuwa kibovu mpaka kijaribiwe kwenye mashine nyingine. Ofisi moja ya jirani ilitukubalia mchana, wakati wa mapumziko, tutumie kompyuta yao iliyo mpya kuliko yetu na inayotumia DDR3 pia. Tukapachika. Ikawaka mara moja, ikaandika gigabaiti 4 kamili. Tukaendesha programu ya kupimia memori iitwayo Memtest86+, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi. Kosa likiwepo, linatokea kwa mistari myekundu. Tulisubiri mzunguko mzima ukamalizika, hakuna hata mstari mmoja mwekundu.

Basi kipande ni kizima, na mashine ni nzima. Kumbe havielewani!

Sababu yenyewe ni hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Gigabaiti 4 ni gigabiti 32, maana baiti moja ni biti 8. Kipande chetu kina chipu 8 tu, zile vijumba vyeusi. Gawanya 32 kwa 8, kila chipu inabeba gigabiti 4. Ubao wetu una chipseti ya Intel G41, na hiyo ilitengenezwa kusoma chipu za DDR3 zisizozidi gigabiti 2. Ni kama kumpa mtu gunia la kilo mia wakati mizani yake inaishia hamsini. Kipande kingine cha gigabaiti 4 chenye chipu 16, nane kila upande, kila chipu ingekuwa na gigabiti 2, ubao ungeweza kukisoma. Kwenye karatasi ya nje vyote viwili vinaweza kuandikwa 4GB DDR3, na muuzaji wengi hawaulizi mashine yako ni ya umri gani.

Kijana akarudi mjini na kibali kingine, safari hii na barua yetu. Muuzaji alikataa mwanzoni, akasema kitu chake ni kizima, na kweli ni kizima. Lakini risiti ilikuwepo, plastiki yake ilikuwepo, na barua ilieleza namba ya chipseti. Akabadilisha, akatoa vipande viwili vya gigabaiti 2, vyenye chipu 8 kila kimoja. Pigeni wenyewe hesabu: 16 kwa 8. Mashine ikawaka bila mlio.

Halafu yakazuka maneno ya pili! Windows ikaonyesha kwamba inayotumika ni gigabaiti 3 na kitu. Eti robo imeliwa tena. Jamani. Mashine ile ina Windows 7 ya biti 32, ambayo haiwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4 kwa jumla, na katika hesabu hiyo hiyo sehemu inachukuliwa na picha ya skrini na vifaa vingine vya ndani. Memori ipo yote, mnaweza kuja kuiona kwenye ukurasa wa BIOS. Windows 7 yenyewe iliacha kutolewa marekebisho ya usalama Januari 2020, ndiyo maana mashine ile hatuiunganishi na intaneti.

Kabla ya kurudisha mafaili ya mitihani tulivipima vipande vipya kwa Memtest86+ muda wote jenereta ilipokuwa inawaka. Memori iliyokufa kabisa haitutishi sana, inalia unajua. Inayotisha ni ile iliyo nusu hai. Mashine inawaka, unachapa, unahifadhi, halafu wiki ijayo faili la majina ya watahiniwa halifunguki, au namba imebadilika bila mtu kuigusa. Mstari mmoja mwekundu unatosha kukataa kipande.

Risiti ya kubadilishia imebandikwa ukutani chumba cha vijana, pamoja na orodha ya waliochanga. Vile vipande viwili vya zamani tumevifunga kwenye bahasha, vitajaribiwa kwenye mashine ya pili ambayo haijawahi kuwaka tangu mvua za mwaka jana. Wanaotaka kuandikiwa barua waje Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Anayepokea na kuandikisha majina mlangoni ni yule yule kijana.