Sababu Moteri ya Gari Letu Dogo Iliungua



Mnalijua lile gari dogo la labo ya fizika, lile la Kijapani la miaka ya 1980 linaloongozwa kwa radio. Mwezi uliopita moteri yake iliungua mikononi mwa ndugu yetu wa darasa la nane, na tangu siku ile watu wanamwonyesha kidole: « Ni yeye njo aliunguza! » Hapana. Mimi ndimi niliyebadilisha meno juma moja mbele, bila kuomba ruhusa. Mwalimu wa fizika ameniambia nieleze hapa namna mambo yalivyokwenda.

Moteri ndogo ya umeme inazunguka mbio sana, lakini nguvu yake ni kidogo. Ukifunga gurudumu moja kwa moja juu ya chuma chake, gari halitoki pale lilipo. Kwa hiyo wanaweka meno. Juu ya moteri kuna pinyo, yaani gurudumu dogo la meno, na juu ya chuma cha magurudumu ya nyuma kuna lingine kubwa. Katika gari letu kubwa lina meno 60, pinyo ilikuwa na 15. Gawanya: 60 kwa 15 ni 4. Moteri inazunguka mara 4, magurudumu mara 1. Mbio inapungua mara nne, na nguvu inaongezeka karibu mara nne.

Wenye pikipiki wa hapa Bunia wanajua jambo hili kuliko sisi. Anayepanda kutoka Kasenyi na mzigo wa samaki mpaka Bogoro, kule mlima ulivyo mkali, anaomba fundi amwekee nyuma gurudumu la shene lenye meno mengi. Kwenye barabara sawa atakwenda polepole, lakini mlima anaupanda.

Mimi nilifanya kinyume. Niliona ndani ya kisanduku pinyo ya meno 20, nikafanya hesabu: 60 kwa 20 ni 3. Magurudumu yetu yana upana wa santimetre 5, basi kila mzunguko ni karibu santimetre 15.7. Kama moteri inazunguka mara 12,000 kwa dakika, kwa meno 15 gari linakwenda kama kilometre 28 kwa saa, na kwa meno 20 karibu 38. Kwa karatasi! Nilifurahi sana. Juu ya simenti ya uwanja wa basketi lilikimbia vizuri, na wenzangu wa mwaka wa mwisho walipiga makofi.

Sikufikiri juu ya majani, wala juu ya ule mwinuko wa kutoka mlangoni. Moteri ikizunguka mbio, yenyewe inausukuma umeme nyuma, na umeme unaopita unakuwa kidogo. Ukiibebesha mzigo ikalemewa, haisukumi tena vizuri, na umeme unaingia mwingi. Umeme mwingi ndani ya nyuzi nyembamba ni moto. Rangi inayofunika zile nyuzi inaungua, nyuzi zinagusana, basi, imekwisha. Yule mdogo wetu alipandisha gari kwenye mwinuko kama alivyofanya siku zote. Kama pinyo ya 15 ingalikuwepo, nafikiri lingepanda.

Moteri nyingine tuliitoa ndani ya mashine mbovu ya kutobolea, ile ya batri. (Tulijaribu kwanza moteri ya radio ya kaseti. Haifai: ndani yake kuna kifaa kinachozuia mbio ili wimbo usiharibike.) Chuma chake kilikuwa na unene uleule, milimetre 3.17, na matundu ya vise yako mbali milimetre 25 kama ya zamani. Lakini pinyo iliyokuja nayo ilikuwa na meno ya kipimo kingine, na meno yasiyo ndugu yanakulana. Kupima ni rahisi: chukua upana wa nje kwa milimetre, gawanya kwa hesabu ya meno ukiongeza 2. Meno 20 na upana wa 17.6 ni 0.8. Pinyo na gurudumu kubwa zitoe jibu moja.

Kufunga kwenyewe kunahitaji uvumilivu. Ukibana meno sana, moteri inalemewa kabla gari halijagusa chini. Ukiacha nafasi kubwa, yanaruka na kuvunjika. Sisi tuliweka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, tukasukuma moteri, tukakaza vise, tukatoa karatasi. Kisha zungusha kwa kidole mzunguko mzima, maana pengine gurudumu limepinda upande mmoja. Mafuta tia kidogo tu: vumbi letu hili likishikwa na mafuta linakula meno kama msasa.

Moteri mpya ni ya volti 12, na batri yetu ni ya 7.2, kwa hiyo gari sasa linakwenda polepole kuliko zamani. Tumerudisha pinyo ya 15. Baada ya kila dakika tano tunagusa moteri. Ikichoma kidole, tunapumzisha.

Jumamosi saa tisa gari litakuwa uwanjani. Wa kwanza kushika radio ni ndugu wa darasa la nane.