Mgeni Anapofutiwa Kazi Yake

Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri hai zaidi ya 50,000, wote wa kujitolea. Kufikia 2013 walikuwa wamebaki takriban 31,000. Wengi walidhani wanaojiunga siku hizo hawana nia njema kama wale wa mwanzo. Mtafiti Aaron Halfaker na wenzake walipochambua kumbukumbu za uhariri, walikuta sivyo: ubora wa wageni haukuwa umeshuka. Kilichobadilika ni mapokezi.

Chanzo cha badiliko hilo kilikuwa kizuri kabisa. Watu wanaoharibu makala kwa makusudi walipozidi, wahariri walitengeneza programu za kuwadhibiti. Katika programu ya Huggle, mhariri anayelinda makala huona maandishi ya zamani na mapya bega kwa bega. Akibonyeza kitufe kimoja, badiliko linafutwa, onyo linatumwa, na ukurasa mwingine unafunguka papo hapo. Sasa mfikirie mtu aliyesahihisha mwaka wa kuzaliwa wa mchezaji anayempenda, ila hakujua kwamba anatakiwa kutaja chanzo. Dakika chache baadaye kazi yake haipo, na kilichobaki ni ujumbe uliotungwa zamani kwa ajili ya watu wote. Amemkosea nani? Amuulize nani? Wengi hawakuuliza. Waliondoka.

Ndiyo maana nasema uhusiano mwema mtandaoni hauji kwa bahati wala kwa kuwahimiza watu wawe wapole. Unajengwa, tena kuanzia mlangoni. Mwaka 2012 Wikipedia ilifungua ukumbi uitwao Teahouse, ambako wahariri wazoefu hujibu maswali ya wageni kwa lugha ya kawaida na kwa majina yao ya mtandaoni. Wageni walioalikwa kwa kuchaguliwa bila mpangilio waliendelea kuhariri kwa muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakualikwa.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mtafiti J. Nathan Matias, lililochapishwa mwaka 2019. Alishirikiana na wasimamizi wa jukwaa la sayansi katika mtandao wa Reddit, lililokuwa na wafuatiliaji milioni 13. Huko utani na visa binafsi hufutwa. Juu ya baadhi ya mijadala, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, liliwekwa tangazo la kanuni. Mingine iliachwa bila tangazo. Mtu angetarajia kanuni ziwatishe wageni. Badala yake, maoni ya wageni yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 70, na uwezekano wa mgeni kufuata kanuni ukapanda kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia. Kumbe watu wengi hunyamaza kwa sababu hawajui mipaka iko wapi.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Kundi la WhatsApp la ukoo, la mtaa au la waliosoma pamoja laweza kuwa na hadi watu 1,024, na mara nyingi kanuni zake wanazijua wachache waliolianzisha. Mtu anatuma tangazo la biashara, admini anamtoa bila neno, na waliobaki wanaanza kuogopa kuandika. Kabla ya kumtoa, admini angeweza kumfuata faraghani, amweleze kanuni aliyoivunja, kisha aiandike katika maelezo ya kundi ambako ajaye kesho ataweza kuiona kabla hajaandika chochote.