Paa Nalo Ni Mlango

Ukipita mtaa wowote wa maduka utaona fedha za ulinzi zilikokwenda: grili madirishani, milango ya chuma, makufuli mazito, na mlinzi aliyeketi kibarazani. Ukiinua macho, ulinzi wote unakoma. Juu kuna bati jembamba lililopigiliwa kwenye mbao za kenchi, na chini ya bati kuna dari ya jipsamu inayopasuka kwa teke moja. Anayetaka kuingia hana sababu ya kushindana na kufuli. Atapanda kwa nyuma, ang'oe misumari, ainue bati na kushuka, huku mlinzi akiukodolea macho mlango ambao hakuna aliyeugusa. Kwa hiyo paa lihesabiwe kuwa mlango, na kengele yake iwe na vihisi vilivyofichwa huko huko juu, vya kumtambua mvamizi kabla hajaingia ndani.

Jambo hili limewashinda hata wenye uwezo mkubwa kuliko mwenye duka. Septemba 1972, majambazi waliingia katika jumba la makumbusho ya sanaa la Montreal, Kanada, kupitia kioo cha paani. Kioo hicho kilikuwa kwenye matengenezo na kengele yake haikuwa ikifanya kazi. Waliondoka na michoro 18, ukiwemo mmoja wa Rembrandt. Usiku wa kuamkia mwaka 2000, mwizi alishuka kutoka paani ndani ya jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, Uingereza, akatia moshi ukumbini na kuchukua mchoro wa Cézanne. Kengele ililia, lakini walinzi walidhani ni moto. Januari 2017, katika ghala moja la Feltham, magharibi mwa London, wezi walitoboa vioo vya paani na kuteremka kwa kamba huku wakivikwepa vihisi vya mwendo. Waliiba vitabu vya kale, vikiwemo vya Galileo na Newton, vyenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 2.5. Vilipatikana mwaka 2020, vimefukiwa chini ya nyumba huko Romania.

Kisa cha Feltham kinafundisha zaidi kwa sababu ghala lile halikukosa vihisi. Vilikuwepo, ila vilisubiri mtu atembee ndani. Kihisi cha mwendo hutambua joto la mwili linalopita mbele yake, kwa hiyo asiyepita mbele yake hatambuliwi. Tena, chini ya bati lililochomwa na jua kutwa nzima, hewa ikikaribia joto la mwili wa binadamu, kihisi hicho hupungukiwa na uwezo wa kumtofautisha mtu. Tofauti na hicho, kihisi cha mtikisiko kilichofungwa kwenye kenchi husikia nyundo, msumeno au msumari unaong'olewa. Waya mwembamba uliopitishwa chini ya mabati hukata mkondo wa umeme pale bati linapoinuliwa. Sumaku ndogo kwenye fremu ya kioo cha paani hutoa habari mara kioo kinapoachana nayo. Vyote vitatu hulia mwizi akiwa bado nje, na dakika atakazotumia kutoboa ndizo dakika za watu kufika.

Wapo watakaosema kwamba mvua, paka, na mabati yanayosinyaa usiku yatailiza kengele kila mara hadi majirani waizoee. Hofu hiyo ni ya haki, maana kengele iliyozoeleka haina faida tena. Dawa yake ni kuunganisha vihisi viwili vya aina tofauti, king'ora kilie pale vyote viwili vinapokubaliana. Mvua hutikisa bati lakini hailiinui. Wengine hudai kuwa kengele inayoonekana ndiyo inayotisha. Ni kweli kwa king'ora na kibao cha onyo. Hivyo viwekwe wazi. Vihisi na nyaya vifichwe, kwani kilichoonekana mchana huzibwa au hukatwa usiku, na ramani yake ijulikane na watu wachache. Kuhusu gharama, si lazima kufunika paa zima siku moja. Anza juu ya chumba cha fedha au stoo ya bidhaa ghali, na upande ambao mti au ukuta wa jirani unarahisisha kupanda.

Hata hivyo, Ashmolean inatukumbusha kuwa kengele haimkamati mtu. Vifaa viwe na betri ya akiba kwa saa za umeme kukatika, vipeleke ujumbe kwenye simu za watu zaidi ya mmoja, na mlinzi aelezwe mapema maana ya kila mlio na hatua ya kuchukua. Fundi akifungua paa kwa matengenezo, kama ilivyokuwa Montreal, mlinzi wa ziada awekwe hadi kengele irudishwe. Mwenye jengo asiyeweza kujibu nani atakuja king'ora kikilia saa nane usiku bado hajalilinda paa lake, hata kama vihisi amekwisha kuvinunua.