Mpaka ukifungwa, mtaji wako uko wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA mkulima wa Ngara, soko la karibu mara nyingi liko ng'ambo. Kuna Rusumo, ambako daraja la Mto Kagera linamvusha mtu kwenda Rwanda, na kuna Kabanga, njia ya kwenda Kobero nchini Burundi. Maharage, ndizi, mahindi na muhogo vina wateja pande zote mbili, na kabla ya mwaka 2020 mtu aliweza kuvuka asubuhi na kurudi jioni na fedha yake mfukoni.

Wilaya ya Biharamulo haipakani na nchi hizo, lakini nayo inaishi kwa mpaka. Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura kabla ya kuingia Ngara na kufika Benaco. Mama lishe, wenye nyumba za kulala wageni, mafundi pancha na wauza matunda wa barabara hiyo hula kutokana na lori linalosimama.

Ndiyo maana ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia, wakazi wa wilaya hizi mbili waliuona kwanza kwenye biashara. Makala haya yanaangalia kilichofungwa, kilichobaki wazi, msaada wa Serikali ulimfikia nani, na jambo ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo anaweza kulifanya sasa kabla mlipuko mwingine haujabisha hodi.

Kilichofungwa na kilichobaki

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, 2020. Serikali haikuwafungia watu ndani, ingawa kuanzia Machi 23 wasafiri waliotoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Rwanda ilichukua njia nyingine. Machi 21, 2020 ilitangaza kufunga mipaka yake, isipokuwa kwa mizigo na raia waliokuwa wanarejea nyumbani.

Msomaji azingatie maneno hayo: isipokuwa mizigo. Lori lenye karatasi liliendelea kuvuka, ila mama mwenye kapu la ndizi kichwani alizuiwa. Kwa mtazamo wa sheria za mpaka, mama yule hakuwa mzigo. Alikuwa msafiri, japo alichobeba ni biashara sawa na iliyokuwa kwenye lori.

Hata malori hayakupita kwa raha. Rwanda ilipotaka mizigo ihamishiwe kwa madereva wake mpakani, foleni zilirefuka na madereva wa Tanzania walilalamika. Mei 15, 2020 wajumbe wa Serikali zote mbili walikubaliana kuwa mizigo ya kawaida ishushwe na kupakiwa kwenye malori mengine, lakini bidhaa zinazoharibika haraka pamoja na mafuta zisindikizwe hadi mwisho wa safari.

Mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ilifunguliwa tena kwa wasafiri Machi 7, 2022. Kwa hiyo aliyezoea kuvuka Rusumo kwa miguu alikaa karibu miaka miwili bila njia ya halali ya kulifikia soko lake. Hakuna mtaji wa kapu moja unaoweza kungoja kiasi hicho.

Msaada ulifika wapi?

Si kweli kwamba Serikali haikufanya kitu. Mei 12, 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua kadhaa. Kiwango cha amana ambacho benki hulazimika kuweka Benki Kuu kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6, ili zibaki na fedha zaidi za kukopesha. Riba ambayo benki hukopea kutoka Benki Kuu ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Aidha, benki ziliruhusiwa kupanga upya marejesho ya wakopaji walioathirika.

Hatua iliyomgusa mtu wa chini kwa haraka zaidi ilihusu simu ya mkononi. Kiwango cha miamala kwa siku kilipandishwa kutoka Sh milioni 3 hadi milioni 5, na salio linaloruhusiwa kutoka Sh milioni 5 hadi milioni 10. Mnunuzi wa mazao aliweza kumlipa mkulima bila kubeba noti wala kukutana naye.

Oktoba 10, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma mpango wa Sh trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Fedha hizo zilielekezwa katika afya, maji, elimu na maeneo mengine, ikiwamo ujenzi wa madarasa 15,000.

Ukiziangalia hatua hizi kwa jicho la muuza ndizi wa Rusumo, utaona shida iko wapi. Nafuu ya marejesho ilimhusu mwenye mkopo benki. Aliyekopa kwenye kikundi chake, au aliyechukua mzigo kwa mali kauli, hakuwa na benki ya kumpangia upya deni. Msaada ulipita kwenye mlango wa karatasi, na yeye hakuwa na karatasi.

Hesabu ya mama mmoja

Tuchukue mfano wa mahesabu. Mama ana mtaji wa Sh 800,000. Kati ya hizo, 500,000 ni zake na 300,000 amekopa kwenye VICOBA, arejeshe na riba ya asilimia 10, yaani Sh 330,000. Ananunua ndizi kwa fedha yote. Siku anayotaka kuvuka, mpaka umefungwa. Ndizi hazisubiri, hivyo anaziuza Ngara mjini kwa nusu ya bei na kupata Sh 400,000. Akilipa deni anabaki na Sh 70,000. Amerudi mwanzo kabisa.

Sasa tuseme mama huyo aligawa mtaji. Sh 400,000 alinunua ndizi, na Sh 400,000 maharage makavu yaliyohifadhiwa vizuri stoo. Ndizi zinampatia Sh 200,000, lakini maharage yapo. Hata akiyauza kwa bei ileile aliyonunulia, atakuwa na Sh 600,000. Akilipa deni anabaki na Sh 270,000. Ameumia, lakini bado ni mfanyabiashara.

Baada ya Covid, Marburg

Wapo watakaosema Covid-19 imepita. Ni kweli, lakini mkoa wa Kagera haujapumzika. Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini na watu sita walikufa. Septemba 2024 Rwanda nayo ilitangaza ugonjwa huo, na watu 15 walipoteza maisha kabla haujatangazwa kwisha Desemba 20. Mwezi mmoja baadaye, Januari 20, 2025, Rais Samia alitangaza kuwa Marburg imethibitishwa wilayani Biharamulo. Watu kumi walihesabiwa kuugua, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara, na wote kumi walikufa. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13, 2025.

Safari hii Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zisizuie safari wala biashara na Tanzania. Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, ama vitu vilivyochafuliwa nayo, hivyo maji na sabuni kwa mama lishe na abiria wa bodaboda vina kazi kubwa kuliko kuzuia magunia ya mahindi. Hata hivyo, ushauri si amri. Kila nchi ina uwezo wa kufunga mlango wake ikiogopa.

Tujipange vipi?

Kwanza, ingia kwenye karatasi wakati mpaka uko wazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa shehena isiyozidi Dola 2,000 za Marekani. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha hupewa cheti rahisi cha uasili pale mpakani, na haitozwi ushuru wa forodha. Vibali vya afya ya mimea bado vinahitajika. Shehena ikizidi thamani hiyo, tafuta wakala wa forodha.

Pili, unganeni. Mwaka 2020 kilichovuka kilikuwa mzigo, si mtu. Kikundi cha wauza maharage kinachokodi gari moja, kikiwa na mnunuzi anayefahamika ng'ambo na malipo ya simu, kinaweza kuendelea kuuza hata kama wanachama wake hawaruhusiwi kuvuka. Kikundi kilichosajiliwa pia ndicho kinachoweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Tatu, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisa wa benki au wa halmashauri hawezi kupima hasara ambayo haikuandikwa popote.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016 ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi mahali pamoja. Hapo hapo pangeweza kuandaliwa mapema utaratibu wa wauzaji wadogo kukabidhiana mizigo na wanunuzi wao bila kuvuka, kama malori yalivyoandaliwa Mei 2020. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zingeweza kuliwekea jambo hilo mpango kabla ya tangazo la dharura.

Mkulima, anza na swali moja jioni ya leo: mpaka ukifungwa kesho, ni kiasi gani cha mtaji wako kitaoza?