Machela Baina ya Miti Miwili: Maandalizi ya Kambi za Vijana Mkoani Songwe



Likizo ya mwezi Juni inapokaribia, si ajabu paroko kupokea barua kutoka kwa viongozi wa VIWAWA, wanafunzi wa TYCS au kwaya ya vijana, wakiomba ruhusa ya kwenda kupiga kambi siku mbili au tatu ili wasali, watembee na kufahamiana. Katika orodha ya vifaa, baada ya masufuria na mahema, huenda akakutana na neno machela. Tumeona vema tulieleze neno hilo kwa wazazi na walezi, kwa kuwa kifaa chenyewe kina faida kubwa, na kina hatari ambazo hazionekani kwa macho.

Mzazi wa kwetu akisikia machela humfikiria mgonjwa, wala hakosei. Katika vijiji ambako gari haliwezi kupita wakati wa masika, machela ni shuka gumu au blanketi lililofungwa kwenye mti mrefu, nao watu wanapokezana mabega hadi zahanati. Wazee watakumbuka pia masimulizi ya machela za zama za ukoloni, ambazo wapagazi waliwabebea watawala. Machela ya kambini ni ndugu wa hizo. Ni kitambaa chepesi cha nailoni au poliesta, chenye urefu wa mita 3 hivi, kilichokusanywa ncha zake mbili na kufungwa baina ya miti miwili, na mtu akalala ndani yake. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala hivyo tangu zamani. Wahispania waliofika huko pamoja na Kolumbo mwaka 1492 waliwakuta nazo, na mabaharia wakaifanya kitanda cha melini kwa karne nyingi.

Sababu za vijana kuipenda ni wazi. Ikikunjwa hutoshea katika mfuko mdogo, na nyingi hazifiki kilo moja. Haihitaji ardhi tambarare, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutafuta mahali pa kusimika hema katika miteremko ya Ileje atalithamini. Mlalaji yu juu ya unyevu, juu ya nge na mawe. Zaidi ya hayo, kila mmoja hulala peke yake katika kitanda chake, na hilo tutalirudia. Lakini ipo tofauti moja ambayo mlezi hapaswi kuisahau: hema likifungwa vibaya humwangukia mtu, ilhali machela ikifungwa vibaya mtu ndiye anayeanguka, tena chali, kwenye mizizi na mawe.

Tuanze na pembe. Wengi hukaza machela hadi inyooke kama kamba ya kuanikia nguo, wakidhani ndiyo imara. Ukweli ni kinyume. Chukua kijana wa kilo 70. Mikanda ikishuka kutoka mtini kwa pembe ya digrii 30, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 70. Ikikazwa hadi pembe iwe digrii 10, kila upande unavutwa kwa takriban kilo 200. Na kwa digrii 5, kilo 400. Kijana ni yuleyule, mti ni uleule, ila mkanda na mafundo vinabeba mara tano na zaidi ya vilivyopaswa. Kupima digrii 30 hakuhitaji chombo: nyoosha kidole cha shahada sambamba na ardhi, simamisha kidole gumba, kisha tazama mstari unaotoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada. Mteremko huo unakaribia kipimo chenyewe. Miti ikiwa na nafasi ya mita 4 hadi 5 baina yake, mkanda ukafungwa usawa wa kichwa cha mtu mzima, machela italegea vizuri, na mtu akiikalia itakuwa kimo cha kiti. Isizidi hapo. Na kulegea huko hakumwumizi mgongo mlalaji, maadamu alale mshazari, kichwa kidogo upande mmoja na miguu upande wa pili. Mwili hunyooka karibu kama kitandani.

Kuhusu mikanda, mji wa Tunduma una bahati. Mji wa malori hauwezi kukosa mikanda ya kufungia mizigo, ile mipana ya sentimita 5, isiyonyumbuka. Hiyo inafaa kuzungushwa mtini, mradi iwe mizima. Iliyopauka kwa jua au iliyochanika ukingoni isifike kambini kabisa. Kamba nyembamba haifai hata ikiwa na nguvu, kwa sababu hukata gome. Chini tu ya gome ndimo chakula kinachotengenezwa na majani kinaposhukia kwenda mizizini, na mti uliokatwa gome kuuzunguka hukauka ukiwa umesimama. Misumari nayo tusiizungumzie.

Mti wenyewe uwe hai, wenye shina lisilopungua sentimita 20 kwa unene. Kabla ya kuufunga, inua macho. Tawi kavu lililoning'inia juu limeua watu wengi duniani walioamini kwamba hatari iko chini. Tunawaonya hasa juu ya mikaratusi, inayopandwa sana kwetu kwa ajili ya nguzo na kuni, maana hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Katika misitu ya miyombo, angalia kama kuna mizinga. Wafugaji nyuki huitundika mbali na njia, na nyuki hawapendi moshi wala mtikisiko; ukiona mzinga mmoja, hamisha kambi yote. Huko Mbozi, miti ya kivuli iliyo katikati ya mikahawa ni mali ya mwenye shamba, hata kama haina uzio.

Hapo tunafikia suala la ruhusa. Msitu wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na msitu wa kijiji uko chini ya serikali ya kijiji. Barua ya paroko haichukui nafasi ya ruhusa ya yeyote kati yao. Kimondo cha Mbozi, kilichoko kijiji cha Ndolezi, ni mahali pazuri pa kuwapeleka vijana mchana. Wakisimama mbele ya pande hilo la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, lililotoka angani na kufahamika kwa wanasayansi tangu miaka ya 1930, zaburi za uumbaji husomeka kwa namna nyingine. Ila pana wahifadhi na taratibu zake, na hapafungwi machela kiholela. Tena, kwa kuwa tunapakana na Zambia na Malawi, kila mtu mzima abebe kitambulisho chake.

Mkoa wetu ni wa hali mbili za hewa. Katika uwanda wa juu, kuanzia Tunduma hadi Vwawa na milima ya Ileje, usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, na mwenye machela huipata baridi hiyo kutoka chini. Blanketi alilolalia limebanwa na mwili, halina tena hewa ya kuhifadhi joto, na upepo unapita chini ya mgongo wake usiku kucha. Dawa yake ni kuweka sponji nyembamba ndani, au bora zaidi kulitundika blanketi la pili nje, chini ya machela, lisibanwe. Anayeshuka upande wa Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa hukuta joto na mbu. Chandarua kinahitajika, kikae mbali na ngozi, na ajue kwamba mbu huuma pia kupitia kitambaa chembamba kwa chini. Ukingoni mwa ziwa hapafai kwa kambi ya aina yoyote. Mamba na viboko hawajui kwamba tumekuja kwa mafungo.

Mvua si tatizo kubwa kati ya Mei na Oktoba, lakini turubai liwepo juu. Hila ndogo husaidia: funga uzi mfupi kwenye mkanda, karibu na machela, ili maji yanayotiririka kutoka mtini yadondokee hapo badala ya kuingia kitandani. Kuanzia Novemba radi huja, na baina ya miti miwili si mahali pa mtu. Moto wa kambi uwe mbali, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, na majani makavu ya miyombo huwaka hadi shamba la jirani.

Je, Kanisa lina sababu gani ya kushughulika na haya yote? Padre Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Mtakatifu Yohane Paulo II, alisafiri na vijana mitoni na milimani nchini Poland katika miaka ya 1950. Serikali ya kikomunisti haikuruhusu mapadre kuongoza vikundi vya vijana, hivyo walimwita Mjomba ili asitambulike. Altare yake huko ilikuwa mtumbwi uliopinduliwa. Mwaka 1958 aliitwa kutoka katika safari kama hiyo akaambiwa ameteuliwa kuwa askofu, na baada ya kukubali alirudi kwa vijana wake mtoni. Naye Pier Giorgio Frassati wa Torino, mpanda milima aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Wazazi wanapotukabidhi watoto wao, wanatukabidhi pia usiku wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na wengi wa vijana wetu wa kambi wamo humo. Kwa hiyo idhini ya mzazi iwe ya maandishi. Wasichana wawe na upande wao pamoja na akina mama wa WAWATA, wavulana upande wao pamoja na wanaume wanaoaminika, na mlezi asikae faraghani na mtoto mmoja. Machela hapa inatusaidia, kwani ni ya mtu mmoja tu na mzigo wake umepimwa. Wawili hawaingii, hata kwa mzaha, hata mchana. Kabla ya taa kuzimwa majina yasomwe, na kila mlezi apite kushika kila fundo kwa mkono wake.

Zahanati iliyo karibu ijulikane kabla ya safari, na gari libaki. Ikiwa kijana ataumia mahali gari lisipofika, machela ileile itarudi kwenye kazi yake ya asili: mti mrefu na imara, mabega manne, na mwendo wa taratibu. Aliyeumia mgongo au shingo asiinuliwe hivyo. Alazwe juu ya ubao. Mambo haya yafanyiwe mazoezi. Wale wanne katika Injili ya Marko sura ya 2, waliomshusha mwenzao darini mbele ya Yesu, hatuambiwi kama waliwahi kufanya mazoezi, lakini hatusomi popote kwamba walimwangusha.

Kambi ikiangukia Dominika, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu, nayo inaweza kuwa rahisi kuipanga. Ikibidi Misa iadhimishwe porini, sheria ya Kanisa (kanuni 932) inataka mahali pa heshima, meza inayofaa, kitambaa cha altare na korporale. Mwulizeni paroko mapema, msimshtukize.

Anayetaka kwenda Juni aanze Aprili. Machela zote zifungwe kwanza uwanjani kwa parokia, mchana, baada ya Misa, na mzazi anayependa alale ndani ya ile atakayolalia mwanawe.